Jalada la Jarida la Televisheni: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Habari na Mawasiliano

Kila mara kazi ya kutangaza tamthilia inapotolewa darasani hapa Lubumbashi, matokeo hufanana. Kikundi kimetengeneza filamu fupi ya kuitangaza tamthilia yake, na filamu hiyo inatazamika. Kimebuni bango, nalo linaeleweka. Lakini jalada la jarida la televisheni, ambalo ndilo sehemu ya tatu ya kazi, hurudi likiwa na alama ndogo na maneno mawili ya mwalimu pembeni: bango tena.

Mwalimu hakosei. Bango la tamthilia huuza hadithi moja, wala haliulizi mtazamaji ana nafasi lini. Jarida la televisheni huuza juma zima. Mtu hulinunua ili ajue aketi mbele ya televisheni siku gani na saa ngapi, mama apate tamthilia yake, kijana apate mpira, watoto wapate katuni, na ugomvi wa rimoti upungue nyumbani. Katika juma hilo tamthilia yako ni mgeni wa heshima, si mwenye nyumba. Mwanafunzi akilisahau jambo hilo, hakuna fonti wala programu ya kompyuta itakayomwokoa.

Ili maelezo yasielee hewani, tutafuata mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Jarida letu linaitwa KIOO. Tamthilia yetu inaitwa Kiwanja: mjane, Mama Ngoy, anaishi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, katika kiwanja alichoacha marehemu mumewe, na wana wawili wa mke wa kwanza, Ilunga na Mwamba, wanasikia kwamba anataka kukiuza. Wewe weka hadithi yako mahali pa hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi ya maagizo ya mwalimu, ikiwa imesomwa na kila mmoja katika kikundi. Kama maagizo yanataja ukubwa wa karatasi au idadi ya picha, hayo ndiyo yanayoshinda ushauri wowote ulio hapa.
- Majalada matatu ya majarida halisi ya televisheni, yaliyochapwa au yaliyohifadhiwa kwenye simu.
- Karatasi za A4, penseli, kifutio na rula.
- Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi. Picha ya megapikseli 12 huwa na pikseli 4000 kwa 3000, na ikipigwa simu ikiwa wima, inatosha kuujaza ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kiwango ambacho wachapaji hukitaka.
- Shuka jeupe lisilo na maua, la kurudisha nuru usoni.
- Kompyuta yenye programu mbili za bure: GIMP kwa ajili ya picha, Scribus kwa ajili ya kupanga ukurasa. Zote mbili zina menyu za Kifaransa, na ukishazipakua huhitaji intaneti tena.
- Fonti mbili, yaani maumbo mawili ya herufi, zenye leseni huria, kwa mfano Oswald na Source Sans.
- Fleshi ya kuhifadhia mafaili, na pesa za kuchapa mara mbili kwa rangi nyeusi na mara mbili kwa rangi kamili.

Wanaotumia Canva, tovuti ya kubuni kurasa, hawatendi kosa, lakini itawabidi wawe na intaneti muda mwingi, na violezo vyake vimeshatumiwa na watu wengi kiasi kwamba mwalimu huvitambua kabla ya kusoma jina la kikundi. Word nayo iacheni kwa barua: ukisogeza mstari mmoja wa maandishi, picha inaruka.

## Hatua ya 1: Chagua juma kabla ya kuchagua picha

Fungua kalenda na uchague juma moja la kweli. Majarida ya aina hii huko Ulaya, kama vile Radio Times la Uingereza na Télé 7 Jours la Ufaransa, kwa kawaida huanza ratiba yao Jumamosi na kuimaliza Ijumaa, ili siku mbili ambazo familia nyingi ziko nyumbani zije mwanzoni. Utaratibu huo unafaa kufuatwa.

Mfano wetu unachukua Jumamosi 5 hadi Ijumaa 11 Septemba 2026. Siku na tarehe hizo zinalingana na kalenda, jambo ambalo wengi hawalihakikishi na ambalo mwalimu hulipima kwa kutupa jicho mara moja. Zaidi ya hapo, juma lenyewe lina maana yake hapa kwetu: watoto wanarudi shuleni, kiangazi kinaelekea kwisha, joto linapanda. Tayari tuna sababu ya kuzungumzia katuni za asubuhi kabla ya shule, na hilo ni jambo ambalo bango la filamu lisingelifikiria kamwe.

Kisha tengeneza ratiba ndogo ya siku saba kwenye karatasi, yenye vipindi visivyopungua sita vya aina mbalimbali, kila kimoja kikiwa na siku na saa. Vituo vya televisheni vibuni mwenyewe. Nembo za vituo halisi kama RTNC au Nyota TV ni mali ya wenyewe, na kuandika kwamba kituo halisi kitaonyesha kipindi ambacho hakipo ni kutoa habari ya uongo, hata kama ni kwa ajili ya zoezi la darasani.

Saa nazo zina mtego ambao mwanafunzi wa Paris hana. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo kipindi kinachoanza huko saa 20h00 kwetu kinaanza 21h00. Tena, msomaji mmoja akiona "saa 3 usiku" atahesabu kwa Kiswahili na kupata 21h00, mwingine aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa atajiuliza kama ni saa tisa za usiku wa manane. Andika saa zote kwa tarakimu ishirini na nne, 21h00, 15h30, na juu ya jalada uweke maneno madogo: "Saa zote ni za Lubumbashi". Mstari huo hauchukui nafasi, lakini unaonyesha kuwa umemfikiria msomaji wako mahali alipo.

Hatua hii imefaulu pale ambapo mtu yeyote wa kikundi anaweza kujibu, bila kusitasita, tamthilia yenu itaonyeshwa siku gani na ni nini kingine kitakachoonyeshwa usiku huo.

## Hatua ya 2: Pima majalada matatu kwa rula

Usiyatazame tu, yapime. Kwa kila jalada andika: jina la jarida linachukua sehemu gani ya urefu wa ukurasa, nyuso ni ngapi, macho yanatazama wapi, vichwa vya maneno ni vingapi, tarehe iko wapi, bei iko wapi.

Utaona mambo ambayo bango halina. Mtu wa pichani karibu kila mara humtazama msomaji moja kwa moja. Vichwa vya maneno ni vingi, navyo vinahusu vipindi mbalimbali. Juu au chini kuna ukanda unaotaja jambo tofauti kabisa na picha kuu. Jina la jarida ni kubwa kuliko jina la tamthilia, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu wanaipenda tamthilia yao.

Onyo moja: usichanganye jarida la mitindo au la mpira humo, maana lina kanuni zake nyingine.

## Hatua ya 3: Chora ukurasa kwa penseli, kwa vipimo halisi

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Chora mstari wa ukingo milimita 8 kutoka kila upande. Maneno yote yatakaa ndani ya mstari huo, kwa sababu kisu cha mchapaji hakikati kila karatasi mahali pale pale.

Vipimo vifuatavyo ni pa kuanzia, si sheria. Ukanda wa juu uchukue milimita 18 za kwanza. Jina la jarida likae kati ya milimita 20 na 65, likienea kutoka ukingo hadi ukingo. Herufi zake za kwanza zisifunikwe na kitu, maana majarida yakipangwa kwenye rafu moja likilala juu ya jingine, upande wa kushoto ndio unaobaki ukionekana. Macho ya mhusika mkuu yawe karibu milimita 99 kutoka juu, yaani mwisho wa theluthi ya kwanza, na uso usogee kidogo kulia ili kushoto ibaki safu ya milimita 65 kwa vichwa vidogo. Kichwa kikuu cha maneno kikae kifuani mwa mhusika, kati ya milimita 190 na 235. Kona ya chini kulia iachiwe msimbo, yaani ile milia myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, ambayo kwa ukubwa wake wa kawaida ni karibu milimita 37 kwa 26, pamoja na bei kwa franga za Kongo.

Namba za msimbo wa majarida huanza na 977. Usinakili msimbo wa jarida la kweli. Chora wako wa mfano, uanze na 977 na kumalizia kwa sufuri tupu, ili ieleweke kuwa ni wa zoezi.

Chora angalau mipangilio mitatu tofauti kabla ya kuchagua. Mchoro wa penseli hufutwa kwa dakika moja, ilhali picha iliyopigwa bila nafasi ya maneno hulazimu kikundi kizima kirudi Katuba kumtafuta mwigizaji.

## Hatua ya 4: Andika maneno yote sasa

Wengi huyaacha maneno hadi mwisho, wanayajaza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, na ndiyo maana majalada yao yana vichwa kama "Tamthilia mpya ya kusisimua usiikose", ambavyo vingeweza kuwekwa juu ya tamthilia yoyote duniani. Maneno huandikwa kabla ya picha, kwa kuwa ndiyo yatakayomwambia mpiga picha anahitaji uso wa namna gani.

Anza na kichwa kikuu. Jarida la televisheni huzungumzia yale ambayo bado hayajaonekana, kwa hiyo kitenzi chake hupenda wakati ujao. Linganisha:

Mama Ngoy ameuza kiwanja.
Mama Ngoy aliuza kiwanja.
Atauza?

Sentensi ya kwanza imemaliza hadithi. Aliyeisoma hana haja ya kusubiri Jumatano, siku ya kuonyeshwa kwa tamthilia. Ya pili inasomeka kama habari ya gazeti la jana. Ya tatu ina neno moja tu, lakini ndani ya neno hilo mna mtu, mna wakati, mna tendo, na alama ya kuuliza inamwachia msomaji kazi ya kuwaza. Kiswahili kinatupa uwezo huu bure: kitenzi kimoja hubeba kile ambacho Kifaransa hukihitajia maneno mawili, matatu au zaidi, na neno moja linaweza kuchapwa kubwa sana. Utumie.

Ila uwezo huo huo una upande wake mgumu. Neno kama "watakapomnyang'anya" likiwekwa kwenye safu ya milimita 65 kwa herufi kubwa halitaenea, na ukilikata katikati kwa kistari litasomeka vibaya. Kwa hiyo, katika vichwa vya jalada, chagua vitenzi vifupi: atauza, wanarudi, nani anadanganya. Vitenzi virefu vitapata nafasi ndani ya jarida.

Chini ya kichwa kikuu weka mstari mmoja wa maelezo wenye siku na saa: "Kiwanja: Jumatano 21h00, Mama Ngoy mbele ya wana wa marehemu". Bila siku na saa, jalada limerudi kuwa bango.

Sasa vichwa vidogo, vitatu au vinne, kila kimoja kwa msomaji tofauti. Katika mfano wetu:

Mazembe na Lupopo: Jumapili 15h30, nani atacheka Kamalondo?
Katuni za asubuhi: kabla ya kengele ya shule
Sombe bila mafuta mengi: mapishi ya Jumamosi
Filamu 12 za juma: tatu za kutazama na watoto

Angalia kwamba hakuna vichwa viwili vyenye umbo moja. Kimoja kinauliza, kimoja kinaahidi, kimoja kinahesabu. Angalia pia kuwa mpira, utakaokaa kwenye ukanda wa juu, umewekwa kwa timu zinazojadiliwa mjini kweli (Kamalondo ndiko uliko uwanja wa Mazembe). Kijana ambaye hataki kusikia habari za mjane wa Katuba atalichukua jarida kwa ajili ya mstari huo, na baadaye mama yake ndiye atakayesoma Kiwanja.

Kuhusu lugha, amueni moja na mshikamane nayo. Kiswahili cha jalada kinaweza kuwa sanifu huku majina ya vipindi yakibaki kama yalivyo, lakini jalada lenye kichwa kimoja cha Kifaransa, kimoja cha Kiswahili sanifu na kimoja cha Kiswahili cha mtaani huonekana limeandikwa na watu watatu wasiojuana. Mchanganyiko wa mtaani unapendeza mahali pamoja tu: ndani ya maneno ya mhusika, yakiwa kwenye alama za kunukuu.

Umefaulu ikiwa maneno yote ya vichwa, bila bei na tarehe, hayazidi arobaini na tano, na ukiyasoma kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua kazi yenu anakuuliza "kwani atauza?"

## Hatua ya 5: Piga picha ukiwa na mchoro mkononi

Hii ndiyo hatua inayoharibu majalada mengi, kwa hiyo ipe nusu siku nzima.

Mahali kwanza. Kishawishi kikubwa cha mpiga picha wa Lubumbashi ni bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi cha masalia ya shaba kilicho kando yake. Achana navyo, isipokuwa kama tamthilia yako inahusu mgodi. Vimeonyeshwa mno, tena vinaeleza mji badala ya kueleza mtu. Ukuta wa matofali ya kuchoma, ambao haukosekani mtaani, unafaa zaidi kwa hadithi ya kiwanja: unasema nyumba, unasema urithi, na wekundu wake uliokolea kiasi unakubaliana vizuri na ngozi nyeusi. Ukuta mweupe huidanganya kamera ya simu. Ikiona weupe mwingi hupunguza nuru, na uso wa mwigizaji hubaki kivuli.

Mwigizaji asimame mita mbili hadi tatu mbele ya ukuta, ili mistari ya matofali ififie na isigombane na herufi. Mpiga picha naye asimame mita mbili kutoka kwake na atumie lenzi ya kukuza kama simu inayo. Ukimsogelea mtu kwa lenzi pana ya simu, pua huvimba na masikio hukimbia nyuma.

Nuru nzuri ni ya chini ya kivuli cha baraza, uso ukielekea uwazi, au ya jioni baada ya 16h00. Katika miezi ya kiangazi jua la adhuhuri halina wingu la kulipunguza makali, na huchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Mtu mmoja ashike shuka jeupe chini ya kifua cha mwigizaji, nje ya picha, nalo litarudisha nuru kidevuni na machoni. Gusa uso wake kwenye skrini ya simu ili kamera ipime nuru hapo, kisha ongeza mwanga kidogo hadi rangi halisi ya ngozi ionekane.

Mavazi na vifaa vieleze hadithi kwa haraka. Mama Ngoy avae kitambaa cheusi cha matanga, bila maua. Kitenge chenye michoro mikubwa ni kizuri kwa macho, lakini kichwa cha maneno kitakachokaa juu yake hakitasomeka. Mkononi ashike bahasha ya hati ya kiwanja, akiikumbatia kifuani. Wana wawili wasimame nyuma yake, mmoja kila upande, mabega yao yakikatwa na kingo za picha. Mama Ngoy atazame kamera. Ilunga atazame kamera pia. Mwamba aitazame bahasha. Kwa jicho moja lililogeuka, msomaji ameshajua ni nani wa kuogopwa.

Acha nafasi. Juu ya kichwa cha mwigizaji pabaki pa kutosha kwa jina la jarida, na kushoto pabaki pa safu ya maneno. Ukiwa na shaka, rudi nyuma hatua moja: picha pana inaweza kukatwa, lakini iliyobana haiongezeki. Piga nyingi, ukibadilisha jambo moja tu kila mara, ama macho, ama mkono, ama nuru.

Mambo mawili ya tahadhari. Usipige picha za kambi za jeshi, uwanja wa ndege, madaraja au majengo ya serikali bila kibali. Mnaweza kupoteza simu na siku nzima mkitoa maelezo. Na kila mwigizaji akubali kwa maandishi picha yake itumike. Akiwa hajatimiza miaka 18, mzazi ndiye atie saini.

Picha zitumeni kwa kebo au fleshi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza sana, mara nyingi hadi karibu pikseli 1600 upande mrefu, na hiyo kwenye urefu wa A4 ni chini ya pikseli 140 kwa inchi. Uso utatoka kama uliofunikwa na ukungu. Kama hakuna njia nyingine, itume kama faili la hati, si kama picha.

## Hatua ya 6: Safisha picha kwenye GIMP

Kata picha ifikie pikseli 2551 kwa 3579. Huo ni ukubwa wa A4 pamoja na milimita 3 za ziada kila upande, na ziada hiyo itakatwa na kisu ili pasibaki ukingo mweupe. Rekebisha mwanga, punguza wekundu kama umezidi, ondoa waya wa umeme uliopita nyuma ya kichwa. Ngozi usiilainishe hadi ikapoteza vinyweleo, na usiipaushe. Mjane aliyepoteza mume hang'ai kama tangazo la losheni.

Hifadhi nakala mbili za ukubwa ule ule: picha nzima, na nyingine yenye kichwa na mabega ya Mama Ngoy peke yake, sehemu nyingine zote zikiwa tupu, katika muundo wa PNG. Sababu ya nakala ya pili itaonekana punde. Umeme ukikatika hapa haupigi hodi, kwa hiyo hifadhi kila unapomaliza jambo moja.

## Hatua ya 7: Panga ukurasa katika Scribus

Kwa nini usimalizie kazi katika GIMP? Kwa sababu huko, ukishatoa picha ya mwisho, herufi zinageuka vinukta pamoja na picha, na zile ndogo hutoka zikiwa na kingo zilizomeguka. Scribus huziacha zikiwa herufi hadi kwenye mashine ya kuchapa.

Fungua ukurasa wa A4 kwa milimita, uweke ziada ya kukatwa ya milimita 3 pande zote nne, kisha fuata mpangilio wa matabaka: chini kabisa picha nzima, ikivuka ukingo hadi mwisho wa ile ziada, juu yake jina KIOO, juu yake tena nakala ya kichwa na mabega, mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule. Sasa kichwa cha Mama Ngoy kinalifunika jina kidogo, naye anaonekana ametoka mbele ya ukurasa. Kifunike herufi moja kwa sehemu tu. Jarida maarufu linaweza kuficha nusu ya jina lake kwa kuwa wasomaji wanalijua. KIOO hakuna anayelijua.

Fonti moja nzito kwa jina na vichwa, nyingine nyepesi kwa maelezo. Kichwa kikuu pointi 70 au zaidi, vichwa vidogo kati ya 20 na 26, maelezo 13, bei na tarehe zisishuke chini ya 9. Ukiona unahitaji fonti ya tatu, tatizo liko kwenye mpangilio, si kwenye fonti.

Rangi tatu zinatosha, moja ikitoka ndani ya picha yenyewe. Ukuta wetu ni mwekundu, kwa hiyo jina jekundu litazama; njano au nyeupe itaelea juu. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, si mchanganyiko wa wino nne, kwa sababu wino hizo zikipishana kidogo wakati wa kuchapa, kila herufi hupata kivuli cha rangi. Bluu na kijani kali za skrini zitafifia kwenye karatasi; usizitegemee.

Duara la rangi lenye tangazo ndani yake, kama "Ratiba ya shule bure ndani", liwe moja tu. Mawili hugeuza jalada kuwa karatasi ya matangazo ya duka.

## Hatua ya 8: Chapa nyeusi kwanza, kisha ya rangi

Chapa nakala ya kwanza kwa rangi nyeusi kwenye duka la fotokopi, uibandike ukutani na urudi nyuma mita tatu. Kama jina la jarida na kichwa kikuu havisomeki bila rangi, rangi itaficha kasoro hiyo kwa muda tu. Kisha mwonyeshe mtu asiyejua kazi yenu kwa sekunde tano, uifiche, umwulize: hili ni nini, na tamthilia ni siku gani? Akijibu "ni jarida la televisheni, Jumatano", endelea. Akiuliza "hii filamu mliigiza lini?", rudi hatua ya 4, kwa sababu bado mna bango.

Toa PDF yenye fonti ndani yake, ziada ya milimita 3 na alama za kukatia. Mashine nyingi za duka haziwezi kuchapa hadi mwisho wa karatasi. Huacha ukingo mweupe. Omba karatasi ya A3 ya gramu 150 au 200, mwambie fundi achape kwa ukubwa halisi bila kupunguza ili itoshee, kisha mkate kwa wembe na rula ya chuma kwa kufuata alama. Fundi akichapa bila maelezo hayo, jalada hutoka dogo, na vipimo vyote vya hatua ya 3 vimepotea.

## Hatua ya 9: Kukabidhi

Pamoja na jalada, weka ndani ya bahasha moja: michoro ya penseli, ratiba ya siku saba, picha zilizokataliwa pamoja na sababu ya kuzikataa, nakala nyeusi iliyoandikwa masahihisho, na karatasi za ridhaa za waigizaji. Mwalimu hutoa alama kwa uamuzi, na uamuzi huonekana kwenye vitu hivi kuliko kwenye jalada lililokamilika.

Katika maelezo ya maandishi, usieleze mlichofanya. Eleza kwa nini. "Tuliweka mpira kwenye ukanda wa juu kwa sababu msomaji wa Kiwanja atalinunua jarida kwa hali yoyote, lakini msomaji wa mpira anahitaji kuitwa" ni sentensi yenye thamani kuliko ukurasa mzima unaotaja vitufe vya GIMP. Mafaili ya asili ya GIMP na Scribus yabaki kwenye fleshi mbili zilizo kwa watu wawili tofauti hadi alama zitoke, kwani mwalimu anaweza kuomba tarehe ibadilishwe na jalada lichapwe tena kwa maonyesho ya mwisho wa mwaka.